"Mtandao Umepotea": Utata wa Neno na Utatuzi wa Hitilafu za Anwani katika Ruta ya Biashara Ndogo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya matumizi ya lugha na utatuzi wa hitilafu za kiteknolojia. Mfano uliochaguliwa ni wa anwani za mtandao katika ruta ya biashara ndogo. Ruta ni kifaa kinachounganisha kompyuta, simu na printa za ofisi moja, kisha kuviunganisha vyote na intaneti. Baadhi ya wafasiri hukiita kipanga njia. Hapa limeteuliwa neno ruta kwa sababu ndilo linalotumiwa na mafundi wenyewe.

Katika miji mingi ya Kenya, mwenye ofisi ya kupiga chapa na kutoa nakala anapokwama kazini husema: "Mtandao umepotea." Kauli hii ni sahihi kisarufi na inaeleweka mara moja. Hata hivyo, ina utata mkubwa. Neno mtandao ndani yake laweza kumaanisha mawimbi ya simu ya mkononi. Laweza kumaanisha waifai ya ofisi. Laweza kumaanisha intaneti inayoletwa na kampuni. Na laweza pia kumaanisha mtandao wa ndani unaoziunganisha kompyuta na printa. Mambo haya manne huharibika kwa sababu tofauti na hutengenezwa na watu tofauti.

Utata huu una gharama. Mwenye ofisi humpigia simu mtoa huduma wa intaneti, akaambiwa asubiri fundi. Wateja huondoka na kazi zao zikiwa hazijachapwa. Fundi anapofika hugundua kuwa intaneti ilikuwapo muda wote, ila printa na simu ya mteja mmoja zilikuwa zikitumia anwani moja. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kulieleza tatizo la aina hii, lakini msamiati huo haufanyi kazi iwapo neno moja limetwikwa mzigo wa maneno mengine yote. Kutenganisha maana ni hatua ya kwanza ya kutenganisha hitilafu.

2.0 Dhana ya Anwani: Kutoka S.L.P. hadi IP

Neno anwani lina asili ya Kiarabu. Mwanafunzi wa fasihi hulijua kwa maana ya jina la riwaya au hadithi, na kila Mkenya aliyewahi kuandika barua rasmi hulijua kwa maana ya mahali pa kupelekea barua. Katika taaluma ya kompyuta, anwani ya IP ni nambari inayokitambulisha kifaa ndani ya mtandao, kwa kufuata itifaki ya intaneti. Toleo la nne la itifaki hiyo, lililochapishwa mwaka 1981, huandika anwani kwa nambari nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.20. Mpangilio huu hutoa anwani zipatazo bilioni 4.3. Idadi hiyo ilionekana kubwa wakati huo, lakini tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya ulimwengu ya anwani hizo ilimalizika kugawiwa mashirika ya kanda. Toleo la sita la itifaki lina anwani nyingi mno kuliko hizo, ila ofisi nyingi ndogo zingali zikilitegemea toleo la nne.

Vitabu vingi vya kigeni hufafanua anwani ya IP kwa kuilinganisha na nambari ya nyumba katika mtaa. Sitiari hiyo haimfai sana msomaji wa Kenya, ambako barua hazijazoea kufuata nyumba. Barua hufuata sanduku la posta. Shule yenye wanafunzi mia sita huweza kuwa na S.L.P. moja tu. Barua zote hufika katika sanduku hilo, karani huzichukua, akazileta shuleni na kumpa kila mtu yake. Ndani ya shule, wanafunzi hutambuliwa kwa nambari za usajili, na nambari hizo hazina maana yoyote katika ofisi ya posta.

Ruta ya biashara ndogo hufanya kazi vivyo hivyo. Mtoa huduma huipa ofisi anwani moja ya nje. Vifaa vya ndani hupewa anwani za ndani, na ruta husimama kati kama karani, ikibadilisha anwani ya ndani kuwa ya nje data inapotoka, na ya nje kuwa ya ndani majibu yanaporudi. Kazi hii ndiyo mafundi waiitayo NAT. Mwaka 1996 yalitengwa rasmi mafungu matatu ya anwani za ndani: zinazoanza kwa 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza kwa 192.168. Anwani hizi huweza kutumiwa na ofisi yoyote ulimwenguni bila kuomba idhini, kama vile shule mbili ziwezavyo kuwa na mwanafunzi wa nambari 45 kila moja bila kuvurugana.

3.0 Istilahi Nne za Msingi

Ili mazungumzo baina ya mwenye ofisi na fundi yawe na tija, istilahi nne zahitaji kubainishwa kwa misingi ya kazi zake.

Ya kwanza ni lango. Hii ni anwani ya ruta yenyewe kwa upande wa ndani, ambayo mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kifaa kinapotoka kiwandani. Data yoyote inayokwenda nje ya ofisi sharti ipitie langoni. Istilahi hii ni fasaha kwa kuwa maana yake ya kawaida inaafikiana kabisa na kazi yake.

Ya pili ni mgawaji anwani, yaani huduma ya DHCP iliyomo ndani ya ruta. Kifaa kinapoingia mtandaoni huuliza nani atakipa anwani, naye mgawaji hukipa mojawapo ya zile zilizo katika fungu lake, pamoja na kukijulisha lango ni lipi. Anwani hiyo haitolewi daima. Hutolewa kwa muda. Mpangaji wa chumba huelewa mara moja: muda ukiisha bila kuongezwa, chumba hupewa mwingine.

Ya tatu ni ile nambari ionekanayo kama 255.255.255.0. Wapo waliopendekeza iitwe kinyago au barakoa kwa kufuata neno la Kiingereza. Tafsiri hiyo ina upungufu. Kinyago huficha sura, ilhali nambari hii haifichi chochote. Kazi yake ni kuonyesha ni sehemu gani ya anwani inayoutaja mtandao na ni sehemu gani inayokitaja kifaa. Kwa 255.255.255.0, nambari tatu za mwanzo ni za mtandao na ya mwisho ni ya kifaa. Istilahi kigawanyi cha anwani ingeeleza kazi hiyo waziwazi zaidi, nayo ndiyo inayotumiwa katika makala haya. Vifaa viwili visipokubaliana juu ya kigawanyi, kimoja huweza kumdhania jirani yake kuwa mgeni wa mbali.

Ya nne ni seva ya majina, ambayo ni sehemu ya mfumo wa majina ya vikoa, yaani DNS. Binadamu hukumbuka majina ya tovuti. Mashine hutumia nambari. Seva ya majina hupokea jina na kurudisha nambari. Seva hii isipojibu, mtumiaji hudhani intaneti yote imekatika, hali ni orodha ya majina tu iliyokosekana.

4.0 Hatua za Uchunguzi

Uchunguzi wa hitilafu za anwani huanzia karibu na kuelekea mbali. Anayeruka hatua hujikuta akitengeneza kisichoharibika. Maswali matano yafuatayo yaweza kuulizwa na mtu yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta ya Windows, kwa kufungua dirisha la amri.

Swali la kwanza: Je, kifaa kimeungwa? Kebo na taa za ruta hukaguliwa kabla ya lolote jingine.

Swali la pili: Je, kifaa kina anwani, na ni anwani gani? Amri ipconfig huionyesha. Anwani inayoanza kwa 169.254 ina maana mahususi: kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa na mgawaji yeyote, ikajipa yenyewe nambari ya kujishikiza. Kumlaumu mtoa huduma katika hali hii ni kumwonea. Tatizo liko baina ya kompyuta na ruta. Amri ipconfig /release ikifuatwa na ipconfig /renew huilazimisha kompyuta kuomba upya.

Swali la tatu: Je, lango laonekana? Amri ping ikifuatwa na anwani ya lango, kwa mfano ping 192.168.1.1, hupeleka wito mfupi na kungoja itikio. Lango likiitikia, njia ya ndani ni nzima.

Swali la nne: Je, nje kwaonekana kwa nambari? Wito hupelekwa kwa anwani inayojulikana, mathalani 8.8.8.8, ambayo ni seva ya majina ya Google. Lango likiitikia na nje kusiitikie, hapo pana sababu ya kukagua upande wa nje wa ruta na hatimaye kumpigia simu mtoa huduma.

Swali la tano: Je, nje kwaonekana kwa jina? Nambari ikiitikia lakini jina la tovuti likashindwa, hitilafu imo katika seva ya majina, na mipangilio yake ndiyo ya kurekebishwa.

5.0 Hitilafu Zinazojitokeza Mara kwa Mara

Mfano ufaao ni wa ofisi yenye ruta moja, kompyuta sita, printa moja na wateja wanaoruhusiwa kutumia waifai. Katika mazingira hayo, hitilafu tano hujitokeza.

(i) Mgongano wa anwani. Printa huwekewa anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.20, ili kompyuta ziipate daima mahali pamoja. Lakini fungu la mgawaji likiwa linaanzia 192.168.1.2 hadi 192.168.1.254, nambari hiyo imo ndani yake. Siku printa inapokuwa imezimwa, simu ya mteja huweza kupewa 20. Printa inapowashwa, wawili hudai kiti kimoja, na kazi za kuchapa hupotea. Tiba ni kupunguza fungu, kwa mfano kutoka 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, na kuacha nambari za chini kwa vifaa vya kudumu. Njia nyingine ni kumwagiza mgawaji aihifadhie printa nambari yake kwa kutumia anwani ya maunzi, ambayo kila kifaa cha mtandao huwa nayo.

(ii) Wagawaji wawili. Mwenye ofisi anapotaka kueneza waifai hadi chumba cha nyuma hununua ruta ya pili na kuiunga na ya kwanza bila kuzima huduma yake ya kugawa anwani. Tangu hapo kila kifaa hupokea anwani kutoka kwa yule atakayewahi kujibu. Baadhi huambiwa lango ni 192.168.1.1, wengine 192.168.0.1. Dalili yake huwatatiza wengi: kompyuta mbili zilizo juu ya meza moja, moja inafanya kazi na nyingine haifanyi, kesho yake hali imegeuka. Tiba ni kubakiza mgawaji mmoja na kuipa ruta ya pili anwani yake katika mtandao wa ruta ya kwanza, nje ya fungu la kugawa.

(iii) Fungu kumalizika. Fungu la anwani 100 lenye muda wa saa 24 halitoshi ofisi inayopokea wateja 150 wa waifai kwa siku, kwani aliyeondoka asubuhi bado ameishikilia nambari yake jioni. Hapana kilichoharibika, vyumba vimejaa wapangaji wasiokuwapo. Kupunguza muda hadi saa moja au mbili huondoa msongamano.

(iv) Ndani na nje kufanana. Kifaa cha mtoa huduma huenda nacho kikawa ni ruta inayotumia 192.168.1.1. Ruta ya ofisi inayounganishwa nyuma yake ikiwa na nambari hizo hizo, haiwezi kupambanua ndani ni wapi na nje ni wapi. Tiba ni kubadilisha upande wa ndani, tuseme uwe 192.168.10.1. Tahadhari moja ni muhimu: kompyuta zitafuata mabadiliko zikiomba anwani upya, lakini printa iliyowekewa nambari kwa mkono itabaki katika mtandao wa zamani mpaka nayo ibadilishwe kwa mkono.

(v) Anwani ya nje isiyo ya umma. Mwenye ofisi anayetaka kuziangalia kamera zake akiwa nyumbani huweza kufuata maelekezo yote na asifaulu. Ukurasa wa ruta ukionyesha kuwa anwani ya nje ni kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa matumizi ya watoa huduma, basi anwani ya umma inatumiwa na wateja wengi wa kampuni hiyo kwa pamoja. Mpangilio wowote ndani ya ofisi hautasaidia. Sharti mtoa huduma aombwe anwani ya umma, au itumiwe huduma ya kamera inayopitia seva ya nje.

6.0 Mchango wa Sarufi

Hitilafu hizi tano zote huripotiwa kwa kauli ile ile: mtandao umepotea. Uchanganuzi wa kitenzi unaonyesha kwa nini kauli hiyo haimsaidii fundi. Kitenzi potea hakina mtenda. Kilichopotea kimepotea chenyewe. Hakuna wa kuulizwa. Usemi huo hufunga mlango wa maswali.

Kauli nyingine za vitenzi vya Kiswahili hufungua mlango huo. Mtu akisema "Kompyuta haijagawiwa anwani", kauli ya kutendewa inamwashiria mtenda ambaye hakutajwa, na swali linalofuata ni: haijagawiwa na nani? Jibu ni mgawaji, na huko ndiko kwa kutazamwa. Mtu akisema "Anwani zimegongana", kauli ya kutendana inadai pande mbili, na swali ni: printa imegongana na nini? Mtu akisema "Lango haliitikii", nomino imekwisha kutaja mahali pa kukagua.

Upatanisho wa kisarufi nao una mchango. Nomino anwani haibadiliki katika umoja na wingi. Tofauti huonyeshwa na viambishi vya upatanisho. "Anwani haipatikani" ni tatizo la kifaa kimoja, na uchunguzi huanzia kwenye kifaa hicho. "Anwani hazipatikani" ni tatizo la ofisi nzima, na uchunguzi huanzia kwenye ruta. Silabi moja inatosha kumwelekeza fundi aanzie wapi, mradi msemaji aitamke kwa makusudi na msikilizaji aisikie.

7.0 Mipaka ya Sitiari

Sitiari ya S.L.P. na karani husaidia, lakini ina kikomo ambacho ni lazima kitajwe ili isipotoshe. Karani wa shule anapopokea barua husoma jina la mwanafunzi juu ya bahasha. Ruta haipati jina la namna hiyo. Hukumbuka tu kwamba dakika iliyopita kompyuta fulani ilituliza swali nje kupitia mlango wenye nambari fulani, na jibu likirudi kwa mlango huo hulipeleka kwa aliyeuliza. Data inayofika bila kutanguliwa na swali haina mwenyewe, nayo hutupwa. Ndiyo sababu kamera ya ofisi haionekani kutoka nyumbani hata pale anwani ya nje ilipo ya umma, mpaka ruta iagizwe mapema kwamba kinachofika kupitia mlango fulani kipelekwe kwa kamera. Anayeishikilia sitiari ya karani bila kuujua mpaka huu atatafuta kosa katika kamera isiyo na kosa. Mwalimu wa istilahi ana wajibu wa kufundisha sitiari pamoja na mahali inapokomea.

8.0 Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo hupimwa pia katika shughuli ndogo za kila siku, ikiwemo ile ya mwenye ofisi kumweleza fundi kilichoharibika. Juhudi za kuunda istilahi za kompyuta si ngeni. Kufikia mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetoa programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kinachohitajika zaidi sasa ni matini ya maelekezo: maandishi yanayozitia istilahi hizo kazini, hatua kwa hatua, mpaka kosa lipatikane.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi katika kazi hiyo, hata wasipokuwa mafundi. Wao ndio wanaojua tofauti ya potea na gawiwa, ya haipatikani na hazipatikani. Fundi anayeuliza "Ni kifaa kimoja au ni vyote? Kina anwani gani? Lango laitikia?" na mwenye ofisi anayeweza kumjibu kwa Kiswahili hicho hicho watakuwa wamelimaliza nusu ya tatizo kabla ruta haijaguswa.